Mashine Isiyokataa Sukuma Wiki

Siku Nzembi alipokataa chapati, Musili alikuwa amekaa katikati ya wafiwa, amekunja uso kama mtu aliyeachwa yatima jana, na marehemu hakuwa anamjua hata kwa jina.

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Jumamosi akiona hema limesimamishwa na moshi unatoka chini ya sufuria kubwa, anakung'uta koti, anavaa huzuni, anaingia. Mfiwa haulizwi kitambulisho. Kitambulisho huulizwa kwenye ofisi za serikali tu, tena ukiwa nacho watakuuliza cha baba yako.

"Nilimwambia huyu mzee kila siku, punguza kazi," alimnong'oneza jirani yake, mkono ukichagua mnofu.

"Marehemu ni mama," jirani akasema.

"Ndiyo maana hakunisikia."

Basi pale Mumbuni, saa saba mchana, wasichana wakapita na beseni la chapati. Likafika kwa mama mmoja wa makamo, leso kichwani, mikono ikisuka kiondo hata msibani. Mama akatazama beseni, akasema, "Asante, mimi hapana."

Meza nzima ikageuka kumtazama. Mtu wa Machakos anaweza kukataa kura, anaweza kukataa mchumba aliyeletwa na mahari kamili, lakini chapati ya bure?

"Uko na nini, mwaitu?" mmoja akamuuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa wa kufa.

"Sina kitu. Mimi ni Nzembi yule yule. Ni vile mwili wangu na ngano hawasikizani. Nikila nafura, viungo vinauma, nalala siku mbili. Niliacha, nikapona."

"Na ulijuaje?"

"Nilijichunguza. Niliacha kitu kimoja kimoja, wiki mbili mbili, halafu nakirudisha nasikiza."

Jibu hilo hakuna aliyelisikia, kwa sababu lilikuwa la bure. Wanawake walikuwa wameshamzunguka kila mmoja na tumbo lake. "Mimi yangu nafikiri ni maharagwe." "Mimi kabeji inanimaliza!" "Huyu wangu akila mayai, hata ng'ombe wanahama boma." Na mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu sala ya kwanza akasema kwa uchungu kwamba yeye ni miaka kumi anashuku viazi.

Musili akaacha kutafuna.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, suti moja, na biashara nyingi zilizokufa: dawa ya panya iliyonenepesha panya, laini za simu zilizosajiliwa kwa majina ya marehemu, na kiwanja kimoja huko Syokimau alichokuwa amekiuza mara tatu kabla mwenyewe hajatokea na mbwa. Lakini biashara kama hii hajawahi kuiona. Watu wote hawa wana matumbo! Wote wanashuku chakula, na hakuna wa kuwaambia ni kipi. Hospitali ya serikali ukienda na tumbo unakuta foleni imeanza jana. Ukifika mbele unaambiwa mashine imeharibika. Mashine yenyewe waliizindua wakubwa, wakakata utepe, wakala keki, na tangu keki iishe haijawaka tena. Wako mume na mke waliokwenda pale wawili, akarudi nyumbani mmoja, mwingine amekufa akingoja iwake.

Ndipo chai ya maziwa ikaletwa. Musili akanywa vikombe vitatu, akisherehekea akili yake.

Jioni tumbo likafura.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Yeye aliyeona riziki kwenye matumbo ya watu, lake lilikuwa linamtesa mwaka wa kumi. Linafura, linanguruma, linamkata, halafu linapoa lenyewe bila kueleza. Baba yake alikufa hivyo hivyo, tumbo ngoma, Musili akiwa darasa la saba, na siku hiyo zahanati ilikuwa imefungwa kwa mgomo. Kwa hiyo kila lilipofura, Musili hakusikia maumivu tu, alisikia baba yake akimwita. Ameshalipa manabii wawili, mganga wa Kitui, na kliniki ya ghorofani iliyompa vidonge vya rangi nne. Hakuna kitu. Kitu pekee kilichompa matumaini ni kile alichofundishwa na mama yake: tumbo likiuma, kunywa maziwa ya moto, yanatuliza. Akachemsha kikombe, akanywa, akalala akiugulia hadi asubuhi.

*

Mashine aliipata kwa mtu aliyefukuzwa kazi kwenye ghala la nafaka. Ni kile kidude cha kupimia mahindi kama yamekauka: mkuki wa chuma wa kuchoma kwenye gunia, na kisanduku chenye kioo cha namba. Nafaka ikiwa na unyevu, kinalia tiii! Ikiwa kavu, kinanyamaza. Musili akakikwangua maandishi, akakipaka rangi ya fedha. Koti jeupe akanunua kwa muuza nyama. Doa moja lilikataa kutoka, akalifunika na beji.

Siri ilikuwa ndogo: kitambaa kilicholowa mfukoni. Mgonjwa analeta sampuli ya kila chakula cha nyumbani kwake. Daktari anazishika moja moja kwa heshima, kisha anashika mkuki na mkono ule ule. Ile anayoitaka anaishika na mkono uliotoka mfukoni. Tiii! Mwili umekataa. Na chakula kilichokataliwa hakirudi nyumbani, kwa sababu, daktari anaeleza, "hata kukaa nacho nyumba moja ni hatari." Kinaachwa kwake akakiteketeze kitaalamu. Utaalamu wenyewe ulikuwa soko la Machakos siku ya Jumatatu, asubuhi na mapema.

Alichokosa ni shahidi. Akamtafuta yule mama wa chapati, akamkuta kibandani kwake Mumbuni, anasuka.

"Mama Nzembi, wewe ulipona ngano. Nataka useme tu ni mimi nilikupima."

Nzembi alimwangalia kutoka viatu kwenda juu. "Huo ni uongo."

"Kupona ni uongo?"

"Kupona ni kweli."

"Basi ni uongo wa robo. Kanisani wanasamehe mpaka nusu."

Sindano ikaingia kwenye kiondo, ikatoka. "Nataka nauli," Nzembi akasema. "Na chakula cha mchana kisicho na ngano. Na siku moja twende Mwala."

"Mwala kuna nini?"

"Kuna watu. Na wao wana matumbo."

Musili alicheka moyoni. Alizoea mashahidi wanaotaka nusu. Huyu anataka githeri! Ndiyo hasara ya kuwa mwerevu sana, unasahau kuuliza mara ya pili.

*

Wiki ya kwanza Mumbuni, zilizofuata Kathiani. Nzembi anatangulia, anatoa ushuhuda. Daktari anafuata na koti.

"Kila mwili na chakula chake!" Musili alikuwa anahubiri, maneno aliyoyaokota kwa Nzembi mwenyewe. "Cha jirani yako ni dawa, kwako ni sumu! Usile kwa kuiga. Uliza mwili!"

Huko Kathiani alikuja mwanamke anaitwa Syokau, amebeba ngano kiganjani, maharagwe kiganja kingine, na kikapu ndani yake kuna chupa ya asali na jogoo aliyefungwa miguu.

"Daktari, mimi nikila maharagwe nafura."

Musili alishika maharagwe. Kimya. Akashika ngano. Kimya. Akapitisha mkono mfukoni, akagusa asali. Tiii! Akagusa manyoya ya jogoo. Tiii!

"Asali?" Syokau akashtuka. "Asali sijala tangu Krismasi!"

"Ndiyo maana uko hai."

"Lakini ni maharagwe yananifurisha. Nayasikia, daktari!"

"Mama, nani amesoma hapa, wewe au mashine?"

Syokau akatazama mashine. Ni kweli ilikuwa na namba. Akaacha asali, akaacha jogoo, akatoka akijipangusa macho. Mlangoni Nzembi akamshika mkono, wakanong'onezana kidogo. Musili aliwaona. Akafikiri ni umbea. Nzembi alikuwa na tabia hiyo, kila mgonjwa akitoka lazima amnong'oneze kitu sikioni, na Musili hakujali, kwa sababu mwanamke akinong'ona na mwanamke, mwanamume anajua ni habari za waume.

Mashine hiyo ilikuwa na akili ya ajabu. Haikuwahi kukataa sukuma wiki. Hakuna mwili hata mmoja, Mumbuni wala Kathiani, ulioshindwa na sukuma wiki, wala na maji ya mfereji, mahali yapo. Ilikataa asali, ndengu, mbaazi, kuku wa kienyeji, na mara moja ikakataa kondoo mzima aliyekuja tu kumsindikiza mwenyewe. Na watu waliamini. Si kwamba ni wajinga. Watu wetu wamezoea kuambiwa na mtu aliyevaa vizuri kwamba kilicho chao si chao, kisha wanaona kikipakiwa kwenye gari. Wameambiwa hivyo kuhusu mchanga wa mto, kuhusu barabara, kuhusu maji. Kuku ni nini?

Lakini kulikuwa na tatizo moja. Mgeni Ukambani haachwi mikono mitupu. Kila boma Musili alipomaliza kuiba, aliwekwa kiti na kuletewa chai. Si chai ya mjini yenye rangi ya maji ya mvua, ni chai ya maziwa matupu, nzito, imechemka mpaka imefanya ngozi juu. Kukataa ni kumtukana mwenyeji. Basi daktari akanywa, boma baada ya boma, na kadiri kazi ilivyofanikiwa ndivyo tumbo lilivyofura. Jioni anarudi chumbani kwake amejishika, anachemsha maziwa ya kutuliza, anaomboleza mpaka asubuhi.

Nzembi alikuwa anaangalia. Siku za mvua ambazo hawakutoka, Musili hakuwa na chochote ila mandazi na strungi, ile chai ya rangi, na alikuwa mzima, anapiga mluzi. Siku za mavuno, ngoma. Nzembi alisuka.

"Usiku nimemsikia baba," Musili alimwambia asubuhi moja, uso wa majivu. Huo haukuwa mchezo, sauti yake yenyewe ilikuwa imepungua. "Ameniita jina kabisa. Nzembi, mimi nitakufa na hii tumbo."

"Si ujipime na mashine?"

Musili akamtazama kwa masikitiko. "Mashine ni ya watu."

"Basi twende Mwala," Nzembi akasema. "Upate boma la mwisho upumzike. Kuna mwenyekiti huko anaitwa Makau. Anakula mpaka anahema. Yuko na mbuzi kumi na wawili wa maziwa, wa kizungu, masikio kama viatu."

Musili akasahau baba yake.

Mbuzi kumi na wawili! Hapo ni mwisho wa kuvaa huzuni za watu. Angewauza, angekwenda Nairobi kwa daktari mwenye cheti ukutani, alale kwenye kile kitanda kinachoingia ndani ya mashine, na mtu amwambie mwishowe ni kitu gani kinamuua kabla hakijamaliza. Alimkodisha Ndunda, dereva wa pikapu ambaye Nzembi alimjua, mtu wa maneno machache na tairi zilizokwisha.

*

Makau alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kamati ya barabara, kamati ya shule, na kamati ya kuchunguza kamati hizo. Bwawa la mchanga lililojengwa chini yake halikushika maji wala mchanga, lilishika jiwe moja lenye jina lake. Shule ya kijiji inanyeshewa, lakini banda la mbuzi wake lilikuwa limeezekwa mabati mapya, yanang'aa mpaka unafumba jicho.

Aliwapokea sebuleni, chini ya picha zake akisalimiana na watu wakubwa kuliko yeye. Nzembi akatoa ushuhuda wake. Makau hata hakumwangalia. Watu wa aina hiyo hawaangalii uso wa mwanamke mwenye leso, wanaangalia kama kuna kamera.

"Daktari," Makau akasema, mkono juu ya tumbo, "mimi nikila nasikia uzito hapa. Nikilala, kifua kinabana. Na uchaguzi wa kamati ni mwezi wa tatu. Siwezi kufa kabla."

"Unakula nini, mwenyekiti?"

"Kidogo tu. Asubuhi maini. Saa nne supu. Mchana nyama ya mbuzi, jioni ile iliyobaki."

Hata mtoto wa chekechea angempa dawa yake. Lakini Musili hakuja kutibu. Akashika unga wa mahindi: kimya. Akashika ndengu: kimya. Makau akaanza kutabasamu. Kisha daktari akaomba nywele za mbuzi, zikaletwa. Mkono mfukoni, mkono nje.

Tiiiii!

"Mwenyekiti," Musili akasema taratibu, akivua miwani ambayo haikuwa na namba, "ni mbuzi. Na si nyama peke yake. Maziwa. Manyoya. Hata harufu ikija na upepo."

"Aiee! Mbuzi wangu?"

"Mwili wako umewakataa."

Makau alikuwa mwoga wa kufa, lakini alikuwa mwoga zaidi wa kupoteza. "Basi nitawauza sokoni Machakos."

Musili hakuwa amejiandaa kwa hilo. Ndipo Nzembi, macho kwenye kiondo chake, akauliza kwa sauti ndogo, "Na hapo sokoni, daktari, si muuzaji ataulizwa wametoka wapi? Mbuzi wa namna hiyo watu wanawakumbuka."

Makau akakohoa. Akakohoa tena. Musili hakuelewa kwa nini swali dogo hivyo limemfanya mtu mzima atokwe na jasho kwenye kivuli, lakini tapeli haulizi mlango umefunguliwa na nani.

"Sisi tunateketeza kitaalamu," akasema haraka. "Kimya kimya."

"Na kuna karatasi inaandikwa?"

"Hakuna karatasi."

"Basi ni sawa," Makau akashusha pumzi. "Mambo mazuri hayana karatasi."

Mbuzi wakapakiwa, kumi na wawili, wakipiga kelele kama wabunge. Musili alikuwa ameshaweka mguu kwenye pikapu Makau alipotokea na jagi mikononi, jagi la lita mbili, povu juu.

"Daktari, huwezi kutoka kwangu hivi. Haya ni ya asubuhi, ya hao hao mbuzi. Mimi umenikataza. Kumwaga ni dhambi. Kunywa."

"Asante, mwenyekiti, lakini..."

"Si ulisema kila mwili na chakula chake? Changu ni sumu, chako ni dawa." Macho ya Makau yakawa membamba. "Ama kuna kitu unajua kuhusu hawa mbuzi?"

Musili alitazama jagi. Alitazama mbuzi. Alitazama vijana wawili wa Makau waliokuwa wameegemea lango wakichonga fimbo. Akapokea kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu, akanywa mpaka akaona chini.

*

Kufika Makutano ya Mwala, tumbo lilikuwa limefungua vifungo viwili vya koti lenyewe.

"Simamisha," Musili akasema.

"Hapa hakuna mahali," Ndunda akajibu.

"Simamisha, nakufa!"

Alilala kando ya barabara, mchana kweupe, chini ya jua, magoti kifuani. Tumbo lilinguruma mpaka mbuzi wakageuka wote kumi na wawili kutazama. Nzembi akashuka, akatandika leso juu ya jiwe, akakaa, akatoa kiondo.

"Nzembi, nimemsikia tena. Ameniita."

"Huyo ni kondakta anaita watu wa Masii."

"Baba alikufa hivi hivi!"

"Baba yako sijui alikufa na nini. Hakuna aliyempima, na waliokuwa walipwe kumpima walikuwa wamegoma. Lakini wewe nakujua." Sindano ikaingia, ikatoka. "Mimi najua kinachokufurisha. Ni kitu kimoja. Nimekuangalia wiki saba."

Musili akaacha kuugulia. "Niambie."

"Mbuzi."

"Ni nyama ya mbuzi?"

"Hapana. Nataka mbuzi ndipo nikuambie. Wewe hukuambia mtu bure."

"Asai, Nzembi, mimi mgonjwa!"

"Na Syokau wa Kathiani alikuwa nini, mganga?"

Tumbo likakata. "Chukua mmoja!"

Nzembi alihesabu mishono.

"Wawili! Wale weupe!"

"Ndunda," Nzembi akaita, "hebu tazama. Inaongeza ama inapunguza?"

Ndunda aliinama, akabonyeza tumbo kwa kidole kama anayepima tairi. "Inaongeza. Hii mimi nisingeenda nayo Nairobi."

"Sita!" Musili akalia. "Nusu kwa nusu, kama Wakristo!"

"Wajane ni kumi na wawili. Nikiwapelekea sita, nimwambie yupi kwamba mume wake hakufa vya kutosha?"

"Wajane gani?"

Ndipo Nzembi akaweka kiondo chini. "Hao mbuzi ni wetu. Kikundi cha wajane wa Mwala, nilikoolewa, mimi ni mwekahazina. Tulipewa na kaunti, kwa hema na hotuba na maji ya chupa. Makau akasema walale kwake usiku mmoja, banda litafutiwe mabati. Ni mwaka wa tatu sasa. Tumeenda kwa chifu, akatuambia tumwone mwenyekiti. Tumeenda kwa ofisi ya kaunti, wakatuambia tulete barua kutoka kwa mwenyekiti. Nikaona hapa haki imekwama, labda tujaribu mwizi."

Musili alifumba macho. Wiki saba amejiona yeye ndiye anayemwongoza mtu.

"Chukua wote," akasema.

"Na mashine."

"Na mashine! Kitu gani, Nzembi? Ni kitu gani?"

"Ndunda, umesikia?"

"Nimesikia. Wote na mashine."

Nzembi akainama karibu na sikio lake, kama alivyokuwa akiwainamia wagonjwa wote mlangoni.

"Ni maziwa."

Upepo ukapita. Mbuzi mmoja akapiga chafya.

"Maziwa gani?"

"Yote. Ya chai ya watu, ya hilo jagi, na hayo unayokunywa usiku eti yanatuliza. Siku huna kitu unakunywa strungi, unapiga mluzi. Siku umeibia watu unakunywa chai yao, unamsikia baba. Wewe, Musili, ukiwa maskini ndio mzima."

"Maziwa tu?"

"Tu. Si ya kukuua. Umejaa upepo."

Musili akakaa, taratibu, kwa sababu tumbo bado halijakubali. "Nimelipa mbuzi kumi na wawili wa maziwa," akasema, "kuambiwa niache maziwa?"

"Ungeniuliza ile siku ya kwanza, ungelipa kikombe cha strungi."

"Ndunda," Musili akaomba kwa sauti ya mtu aliyebakiwa na dereva peke yake, "Ndunda, mimi ndiye nilikukodisha."

Ndunda alikuwa ameshawasha gari. "Mama alinionyesha njia ya kwa wajane tangu juzi," akasema. "Na alinilipa na jogoo. Yule wa Syokau tulimnunua tena sokoni, tukamrudisha, huyu ni mwingine."

*

Musili hakumwamini. Aliacha maziwa wiki mbili, akitamani kwa moyo wote tumbo lifure, ili aende Mwala kudai mbuzi wake. Tumbo likalala bapa. Hakumsikia baba hata usiku mmoja. Siku ya kumi na tano akanywa chai nzito kikombe kimoja, kusudi amuumbue yule mama. Baada ya saa mbili alikuwa anatambaa.

Akalia kidogo. Si kwa maumivu. Miaka kumi ya hofu, na dawa yake ilikuwa kutofanya kitu.

Makau naye hakwenda polisi. Angesema nini, kwamba mbuzi alioiba wameibwa? Alisema nyama imemshinda, akaanza kula ndengu na kutembea, na kwa bahati mbaya ya watu wa Mwala akapata nguvu mpya. Mwezi wa tatu alichaguliwa tena.

Jumatatu moja Musili alikuwa kibandani karibu na soko la Machakos, ameagiza strungi. Ng'ambo ya barabara aliona mashine yake. Nzembi alikuwa anaichoma kwenye magunia ya mahindi anayonunulia kikundi: tiii, hapana, kimya, leta. Ilikuwa inafanya kazi iliyotengenezewa, jambo ambalo nchi hii mashine nyingi hazijapata bahati ya kuliona.

Mwanamume aliyekaa kando yake, fundi wa viatu, akasukuma kikombe chake cha chai, akajishika tumbo.

"Linafura?" Musili akauliza.

"Kila nikinywa. Sijui ni nini."

Musili akasikia damu ya zamani ikiamka. Akavuta kiti karibu, akakunja uso wa huruma, ule wa matangani.

"Ndugu yangu, mimi najua ni nini. Siri hii ilinigharimu mbuzi kumi na wawili. Lakini kwa vile ni wewe, nitakuambia kwa kuku mmoja."

Fundi akamwangalia, halafu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, pale wanawake walipokuwa wamejipanga na magunia, na mama mwenye leso akimnong'oneza mmoja wao sikioni.

"Kuku wa nini?" akasema. "Si yule mama anaambia watu bure?"